Pale Palipobonyea

3 Februari

Wifi yangu Mama Pacha,

Pokea salamu tele, na ukishazipokea mgawie kaka yangu kidogo tu, maana hastahili. Tangu mwaka uanze hajanipigia simu hata ya kukosea namba. Huku mimi ni mzima isipokuwa mgongo, ule ugonjwa wetu walimu wa kuinamia meza za watu wengine kutwa nzima. Mama anaendeleaje na macho? Na miwani yake bado anaifuta kwa upindo wa gauni mpaka haoni mbele? Pacha wangu, Kimya na Kelele, wameanza shule? Shauri la shangazi yao ni kwamba Kelele akae dawati la nyuma na Kimya la mbele, mwalimu apate kupumua.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu ya nyumba hiyo ikilia mnasikiliza wote, na mama hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Halafu mimi na wewe tulianza kwa karatasi. Kabla hujawa wifi yangu ulikuwa jirani yangu wa dawati chuoni, tukirushiana vikaratasi chini ya pua ya mwalimu. Naona kalamu ndiyo inayotufaa.

Sasa lililonileta. Mkuu wa idara yetu ametoa agizo. Kila anayefundisha kwenye karakana lazima aonyeshe kazi zake mpya, alizozifanya kwa mkono wake, kabla ya mwisho wa Oktoba. Asiyeonyesha atabakizwa na masomo ya nadharia, na karakana atapewa mwingine. Kwenye kikao kila mtu aliinamia kikombe chake cha chai. Mimi niliinama zaidi. Wifi, unajua mara ya mwisho nilichapa picha yangu mwenyewe lini? Usinijibu.

Asubuhi nafundisha kuchora, mchana uchapaji wa picha kwa vibao vya kuchonga, jioni niko kamati ya ratiba, Jumamosi nasahihisha. Mashine ya chuo ipo, lakini nikiisogelea tu anatokea mtu mlangoni: "Mwalimu, samahani, swali dogo tu." Sijawahi kuona swali dogo. Nikishamaliza kumjibu wino umekauka, na mimi pia.

Kwa hiyo likizo ya Julai nakuja nyumbani. Nakitaka kile chumba cha uani na mashine yangu ya kuchapia. Naomba ukifungulie madirisha kipate hewa, utazame kama turubai bado limeifunika mashine, na watoto wasiichezee. Pale palipobonyea kwenye rola pasiguswe, pasije pakazidi. Unapajua, maana ndiwe uliyeachia siku ile tunaiingiza mlangoni.

Wifi yako,
Mwalimu


1 Machi

Mwalimu wetu, wifi yangu,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vizuri kama cheti. Nimeisoma jikoni nimesimama, maana kukaa nitakaa nikizeeka. Kaka yako nimempa sehemu yake ya salamu, akacheka, akasema atapiga simu. Mimi sisemi kitu.

Mama hajambo. Macho ndiyo hayo, asubuhi yanaona na mchana yanakisia. Jana alimsalimia mlinzi wa jirani akidhani ni mwanawe, na mlinzi akaitika "Naam, mama," akapewa na chai. Watoto wameanza shule. Shauri lako halikufaa kitu, kwa sababu Kimya akikaa peke yake anaanza kuongea na Kelele akikaa peke yake ananyamaza, kwa hiyo mwalimu wao sasa hajui nani ni nani.

Kuhusu Julai, karibu sana. Nyumba ni yenu. Chumba kipo palepale na madirisha yanafunguka. Mashine nayo haijambo, haina hata kutu. Watoto hawaichezei.

Na aliyeachia ni wewe. Mimi nilikuwa upande wa chini, ningeachiaje nikabaki na miguu? Ulicheka, ukaachia, rola likagonga kizingiti. Hilo tusilirudie.

Usijichoshe na hizo kamati.

Mama Pacha


19 Machi

Mama Pacha,

Habari za huko? Mwambie mama yule mlinzi asizoeshwe, atadai urithi. Nimefurahi kusikia watoto wanamchanganya mwalimu. Hata mimi wananichanganya wangu, tena hawafanani.

Nina jambo na sitalizungusha. Juzi mwanafunzi mmoja alikuja karakana na picha ya kuchapa aliyoinunua kwenye duka la fremu za picha mjini. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, wenzake wakaizunguka. Watoto wawili wamelala chini ya shuka moja, migongo tu inaonekana, na bega la mmoja limetoka nje ya shuka. Kwenye lile bega pana alama nyeupe iliyopinda, ndogo, kama kovu la chanjo. Mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, hii alama imechongwaje? Haina ukingo wa patasi."

Haina ukingo wa patasi kwa sababu haikuchongwa. Wifi, naijua alama ile kama ninavyojua meno yangu. Ndipo rola langu lilipobonyea. Likipita juu ya karatasi, pale halikandamizi, wino haushiki, panabaki peupe. Miaka yote nilipoitumia mashine ile nilikuwa naikwepa. Vibao vyangu nilivichonga vyembamba ili visifike upande ule, na wataalamu wakaja kwenye onyesho langu wakaandika kuwa nina "mtindo wa picha ndefu na nyembamba." Sikuwaambia kwamba mtindo wangu ni kukikimbia kizingiti cha mlango.

Sasa kuna mtu hakimbii. Ameiweka alama begani kwa mtoto kana kwamba rola lilitengenezwa kwa ajili hiyo. Na unajua wanafunzi wangu wanafanya nini wiki hii? Wanachonga vikovu vyeupe. Kila kibao kina kikovu. Napita meza hadi meza nikifundishwa ubovu wa mashine yangu mwenyewe.

Nakwambia wazi kwamba nilishikwa na wivu mpaka nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Picha ni nzuri. Ingekuwa mbaya ningecheka.

Muulize kaka yangu amemkodisha nani mashine yangu. Najua ni yeye. Tangu utoto hawezi kuona kitu kimelala bila kukiamsha. Nataka jina.

Mwalimu


30 Aprili

Wifi,

Samahani nimechelewa. Kimya alipata homa, ilipomwacha ikamhamia Kelele, ilipomwacha Kelele nikaanza mimi. Mama alituuguza wote kwa kutuwekea mkono kwenye paji la uso na kusema tuna joto. Sasa tumepona.

Kaka yako hajamkodisha mtu yeyote. Nakuapia, na usimgombeze. Baada ya simu aliyokupigia wiki ile alirudi mezani hajui amekosa nini, akala kidogo.

Hayo mengine tutaongea ukija.

Mama Pacha


9 Mei

Mama Pacha,

Poleni na homa. Natumaini mmepata nguvu, na mama apumzishwe mkono.

Ni wewe.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Lile shuka la mistari kwenye picha lina kiraka pembeni. Kiraka hicho nilikishona mimi, kwa uzi usiofanana, likizo ile pacha walipoanza kutambaa. Nilikiona pale mezani mbele ya wanafunzi nikaamua sikukiona. Heri angekuwa mtu baki. Mtu baki ningemchukia vizuri, bila kumuuliza habari za watoto.

Wewe una nini zaidi yangu? Nimekaa nikijiuliza hivyo huku nasahihisha. Mimi ndiye niliyepata kazi ya kufundisha haya mambo. Nina karakana yenye taa ndefu na meza kumi na mbili, nina kabati la wino lenye ufunguo. Na wewe uko uani, kati ya ndoo na kamba ya nguo, unachapa watoto wako wakiwa usingizini. Halafu wanafunzi wangu wanakuiga wewe, hata hawakujui.

Nimezunguka maduka yote ya fremu mjini. Nimekuta nyingine tatu. Karai la nguo lenye povu, na alama yangu ndiyo povu linalong'aa. Dirisha la jikoni. Mgongo wa kaka yangu akifunga kiatu. Hata kaka yangu umemchukua! Zote ni pana. Zote zimelijaza rola mwisho hadi mwisho.

Ungeniambia. Hilo tu. Ungeandika, "Wifi, naitumia." Badala yake ukaandika haina hata kutu.

Sijui kama nitakuja Julai.

Mwalimu


4 Juni

Wifi,

Huku wazima. Mama anakusalimu, watoto wanakusalimu, kaka yako pia, ingawa sasa anakuogopa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara nilitaka kuijibu kwa upole. Leo nimeona upole umegoma.

Unauliza nina nini zaidi yako. Kwanza nikukumbushe siku ya usaili. Tuliomba nafasi ile wote wawili, siku moja, tumevaa viatu vya kuazimana. Nikaingia na tumbo la pacha limetangulia mbele yangu kama mgeni wa heshima. Hawakuniuliza swali hata moja la uchapaji. Waliniuliza nani atawalea. Wewe ulipoingia wakakuuliza kuhusu wino. Sikulaumu, hukupanga maswali. Lakini usiniulize nina nini.

Umeniambia una wivu, nami nikwambie wangu. Mama ana picha yako ya mahafali sebuleni. Kila mgeni anaonyeshwa: "Huyu ni binti yangu, anafundisha chuo kikuu, ni msanii." Mimi naingia na sinia la chai, anasema, "Na huyu ni mke wa mwanangu." Mama ananipenda, najua. Macho yake mimi ndiye ninayeyatia dawa. Ila kila nikisikia neno lile "msanii" nikiwa nimeshika sinia, roho yangu inakuwa ndogo kama punje. Mara nyingine nikifuta vumbi sebuleni, ile picha naipita.

Nilianza kwa kuipaka mafuta tu, isishike kutu, kwa ajili yako. Kweli kabisa. Nikaizungusha mara moja nione kama inazunguka. Basi. Watoto wakienda shule naloweka nguo kwenye karai na karatasi kwenye beseni, nachonga huku nguo zinajiloweka zenyewe. Picha zilizokauka nazilaza chini ya godoro, maana hapo ndipo mahali pekee palipo sawasawa katika nyumba hii. Zikijaa nazituma kwa basi kwenye maduka ya fremu huko kwenu, bila jina. Kaka yako aligundua kwa kusikia karatasi zikilia akijigeuza. Siku hizi anajigeuza polepole.

Kuhusu pale palipobonyea, sikuwa na kibao chembamba. Nilichokuwa nacho ni mbao za kabati bovu la jikoni, na milango ya kabati ni mipana. Picha ya kwanza ilitoka na kile kikovu usoni kwa mtu. Nikasogeza kibao kidogo, kikaja begani. Nikasema, haya, kaa hapo.

Sikukwambia kwa sababu hukuwahi kuniuliza. Miaka yote hiyo unapiga simu, na sasa unaandika, unauliza macho ya mama, unauliza shule, unauliza turubai. Hukuuliza hata siku moja, "Je, wewe unachapa?" Tulijifunza pamoja, wifi. Mkono wangu ulidhani umeenda wapi?

Njoo Julai. Chumba sitakihama, nakwambia mapema usije ukavimba mlangoni. Tutagawana zamu. Asubuhi wewe, mchana mimi. Asubuhi ndiyo yenye mwanga mzuri na ndiyo saa yangu, kwa hiyo ukijaaliwa kuichapa hiyo picha yako ujue kuna mtu ameuma meno.

Mama Pacha


17 Juni

Mama Pacha,

Salamu kwa wote. Mwambie kaka yangu sina neno naye, aendelee kula.

Nakuja wiki ya kwanza ya Julai. Zamu nimezikubali.

Asubuhi ni yangu.

Mwalimu


12 Agosti

Wifi,

Habari za safari? Uliondoka hata chai hukumaliza, na Kelele ameweka kikombe chako juu ya kabati, anasema shangazi atarudi kukimalizia. Mama anauliza kila siku tulikosana nini. Namwambia chuo kilikuita. Ananitazama kwa yale macho yasiyoona, na anaona.

Sitaki tuyaache hivi, nitayasema yote, nawe ukiwa mbali huwezi kunikatiza.

Asubuhi zako ulizikalia. Nilikuwa nachungulia nikianika nguo. Kibao mbele yako, patasi mkononi, na unatazama ukuta niliobandika picha zangu. Siku ya kwanza nilisema amechoka na safari. Siku zilizofuata nikasema anawaza. Halafu nikaingia zamu yangu nikakuta umechukua penseli umezungushia makosa yangu. Kwenye picha zenyewe, wifi! Mduara hapa, mshale pale, na chini umeandika "angalia uzito wa mstari." Ulibakiza kunipa alama tu.

Nilipopiga kelele uliniambia, "Nimezoea." Nakuamini. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Umezoea kusahihisha mpaka ukiona picha mkono unatafuta kosa kabla jicho halijatazama. Hata kwenye kibao chako ulikuwa hivyo, unachora mstari mmoja, unajisahihisha, unafuta, unachora upya. Nilikwambia, ukanijibu kwamba mtu anayechapa kati ya ndoo hawezi kukufundisha kazi yako. Nami nikakwambia neno ambalo sitaliandika. Ukafunga mkoba.

Basi, uliacha kibao. Kilikuwa nyuma ya mlango kimegeuzwa. Ni mama kwenye kiti chake, ameinamisha kichwa, miwani usoni. Umekichonga hadi mwisho kumbe, isipokuwa hukukichapa. Ni kizuri. Nimekaa nacho siku nyingi nikitafuta kosa, kwa kuwa nilitaka sana liwepo. Nilipata moja tu. Miwani imekufa. Vioo vyote viwili vitatoka vyeusi, kama mtu ameweka mkono mbele yake. Na kibao chenyewe ni chembamba, kwa hofu yako ileile.

Nimekichapa. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Sikukiweka mahali unapoweka vibao vyako, kule ukingoni kabisa mwa meza. Nimekisogeza hadi chini ya pale palipobonyea. Picha hiyo hapo, nimeiviringisha ndani ya bomba la karatasi ngumu.

Mama aliileta hadi puani. Akaitazama mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Leo miwani yangu imefutwa."

Mama Pacha


1 Septemba

Mama Pacha,

Bomba limefika. Mshukuru Kelele kwa kikombe.

Nani alikuruhusu? Kibao ni changu, mama ni wangu, mashine ni yangu. Umechukua chumba, umechukua mwanga, umechukua wanafunzi wangu bila kuwaona, na sasa umechukua hata picha ambayo sijaichapa. Nilipoifungua nilikaa chini. Kile kikovu kimeangukia kwenye kioo cha kulia, na mama anatazama. Mimi nimemchonga, na wewe ndiye uliyemfungua macho.

Nimeitupa juu ya kabati la ofisini. Usiguse tena kibao changu.

Mwalimu


22 Septemba

Wifi,

Huku hatujambo.

Kibao nimekifuta wino, nimekifunga kwenye kitambaa safi, kiko chini ya godoro upande wa kaka yako. Analalamika mbavu. Sijakigusa tena.

Ukitaka kuichoma hiyo picha ichome, ni yako. Ila Oktoba inaingia na sijasikia una nyingine.

Mama Pacha


2 Novemba

Wifi yangu Mama Pacha,

Salamu kwako, kwa mama, kwa Kimya, kwa Kelele na kwa mbavu za kaka yangu. Mimi ni mzima, hata mgongo umenihurumia kidogo. Leo naandika nikiwa nimekaa sakafuni karakana, wanafunzi wameshaondoka na wameacha mataulo ya wino kila mahali kama kawaida yao. Nitawasema kesho.

Sikuwa na nyingine. Ulisema kweli. Septemba yote nilichonga vibao vyembamba saa za chakula, nikavichapa kwenye mashine ya chuo mlango ukiwa umefungwa, na mtu akibisha nisiitike. Walibisha sana. Picha zilitoka safi, hazina kosa hata moja, wala hazina mtu ndani. Nilizitundika ofisini nikazizungushia penseli zote, halafu nikazishusha.

Siku ya kuleta kazi wenzangu walikuja na mikokoteni. Mimi nilikuja na bomba moja. Nilikuwa nimelishusha kutoka juu ya kabati asubuhi hiyohiyo, na nisikudanganye, nilipanda kiti nikashuka, nikapanda tena. Mkuu wa idara akaniuliza, "Moja tu?" Nikasema moja. Akasema moja si maonyesho. Nikamwambia nilichonacho ni hicho, na kama karakana ataichukua aichukue, lakini kwanza aitazame. Akaitazama. Alivua miwani yake akaifuta, sijui kama alijua anachofanya.

Karakana ameniachia kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba mwakani zisipungue sita. Nami nikampa sharti langu. Kamati ya ratiba nimejitoa. Vipindi vyangu vimebanwa kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, na kila mwisho wa mwezi naweza kupanda basi nije nyumbani nikae siku kadhaa. Amekubali huku anakunja uso. Kwa hiyo nakuja, na asubuhi bado ni yangu, usije ukanibadilikia. Kaka yangu anitafutie mlango wa kabati. Mpana.

Chini ya picha palihitajika kibandiko cha jina. Nilikaa nacho muda mrefu kuliko nilivyokaa na kibao. Niliandika jina langu, nikaona halikai. Nikaandika la kwako, roho ikakataa kabisa, sitakuficha. Mwisho nikaandika kwamba imechongwa na mimi na imechapwa na wewe, kwa herufi zinazolingana. Nilipima kwa rula, maana najijua.

Siku ya ufunguzi wanafunzi wangu walijaa mbele yake. Hawakutazama mikono ya mama wala mikunjo ya gauni, ambavyo vimenitoa jasho. Waliuangalia mwanga kwenye kioo. Yule mwenye picha yako ya watoto akasogea mpaka pua inagusa, akageuka: "Mwalimu, ni ileile! Umeichongaje?"

Nikasema sikuichonga, imechapwa na wifi yangu. Ndiye aliyechapa na ile yako ya shuka, na nyingine zote mnazoziiga bila kumjua. Wakaanza kukusifu, wifi, mbele yangu, kwa sauti, mmoja akiuliza unaishi wapi na mwingine kama unapokea wanafunzi. Nilivumilia. Nilitabasamu kabisa, mtu angeniona angesema nimekomaa.

Kisha nikashindwa kunyamaza, nikawaambia, "Lakini mashine ni yangu."

Wifi yako,
Mwalimu